FÉLICITÉ NIYITEGEKA: MLINZI ASIYEKUWA NA SILAHA

Kila askari ajua maana ya lindo. Ajua kwamba aliyekabidhiwa lindo hana ruhusa ya kuliacha kwa sababu ya mvua, njaa, usingizi au hofu, mpaka atakapofika mwenziwe wa kumpokea. Kuruta hufundishwa jambo hilo tangu wiki yake ya kwanza, na hurudiwa mbele yake mpaka likamkaa moyoni. Lakini katika historia ya nchi zetu wamepata kutokea watu ambao hawakuvaa sare, wala hawakushika bunduki, wala hawakula kiapo mbele ya bendera, nao wakalishika lindo lao kwa uaminifu uliowashinda wengi wenye vyeo mabegani. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, na hasa ndugu zetu wa majeshi na wa polisi, maisha ya mmoja wao. Huyo ni marehemu Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, nchini Rwanda, aliyeuawa tarehe 21 Aprili 1994 pamoja na watu aliokuwa akiwahifadhi.

Tumemchagua mama huyu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba aliletewa njia ya kuokoka, na aliyemletea alikuwa afisa wa jeshi, ndugu yake wa damu, naye akaikataa kwa sababu njia hiyo ilikuwa ya mtu mmoja tu. Ya pili ni kwamba watu waliouawa pamoja naye walikuwa raia wasio na silaha katika mji uliokuwa na kambi ya jeshi, wanajandarma na wakuu wa serikali. Kwa hiyo kisa hiki, ingawa ni cha mwanamke wa kanisa, chawahusu wenye silaha kuliko watu wengine wote.

MJI WA MPAKANI

Gisenyi ni mji ulioko kaskazini magharibi mwa Rwanda, kwenye pwani ya kaskazini ya Ziwa Kivu. Nyuma yake imesimama milima ya volkano ya Virunga, na usiku, mawingu yakiwa yametoweka, mtu huweza kuuona wekundu wa moto wa mlima Nyiragongo ulioko upande wa Kongo. Tangu mwaka 2006 mji huo umo katika Wilaya ya Rubavu, Mkoa wa Magharibi. Wageni huupenda kwa upepo wa ziwa na mchanga wake, na wafanyabiashara huupenda kwa sababu nyingine: mji wa Goma u karibu nao mno hata mgeni aweza kudhani kwamba ni mji mmoja uliokatwa katikati na kizuizi.

Mtu hutoka Gisenyi kwenda Goma kwa miguu. Kuna vivuko viwili vikuu, ambavyo wenyeji wameviita kwa Kifaransa Grande Barrière na Petite Barrière, yaani Kizuizi Kikubwa na Kizuizi Kidogo. Akina mama hupita hapo na mboga, unga na samaki, na Kiswahili ndiyo lugha ya kupatania bei. Twayaeleza haya kwa makusudi, kwani pasipo kuujua ukaribu wa mpaka huo msomaji hawezi kuielewa kazi aliyoifanya Félicité. Katika mwezi wa Aprili 1994, mwendo ule mfupi ambao mchuuzi huumaliza bila kutua mzigo wake ndio uliotenganisha uhai na kifo.

MAISHA YAKE YA AWALI

Félicité Niyitegeka alizaliwa mwaka 1934 huko Vumbi, upande wa Butare, kusini mwa Rwanda. Alikuwa Mhutu kwa hesabu ya ukabila wa siku zile. Jina lake la Kinyarwanda lina maana ambayo askari hataipita hivi hivi: lasema kwamba Mungu ndiye anayeamuru. Wazazi wengi wa Rwanda huwapa watoto wao majina ya namna hiyo, na yawezekana hakuna aliyelifikiria sana jina hilo mpaka ilipofika siku ya kuamua ni amri ya nani itakayofuatwa.

Alipokuwa kijana alijiunga na chama cha Kikatoliki cha Wasaidizi wa Utume. Wanawake wa chama hicho hujitoa maisha yao yote kumtumikia Mungu bila kuolewa, lakini si watawa wa kufungwa ndani ya kuta za nyumba ya kitawa. Huishi katikati ya watu na kufanya kazi za kila siku chini ya uongozi wa askofu wa mahali. Félicité alifundisha katika shule mbalimbali, na waliomfahamu walimkumbuka kama mtu mpole, mnyenyekevu, asiyependa kujionyesha. Hakuwa mwanasiasa. Hakuwa kiongozi wa chama chochote cha upinzani wala cha serikali.

Miaka yake ya mwisho aliitumia Gisenyi, katika jimbo la Nyundo, akiisimamia nyumba ya Centre Saint-Pierre. Hiyo ilikuwa nyumba ya kanisa ya kupokelea wageni na kufanyia mikutano na mafungo. Kazi ya msimamizi wa nyumba kama hiyo haina sifa kubwa machoni pa watu. Ni kuhesabu vitanda, kutafuta chakula, kugawa funguo, kumpokea aliyefika usiku na kumwonyesha mahali pa kulala. Mwaka 1994 mama huyo alikuwa amekwisha kufikia umri wa miaka 60 hivi, umri ambao wengi wetu huanza kutazamia kupumzika.

NAMNA MAUAJI YALIVYOANDALIWA

Hatuwezi kusimulia kifo chake bila kueleza kwa ufupi jinsi nchi ilivyofika pale. Katika miaka ya 1930 wakoloni wa Kibelgiji waliwaandikisha Wanyarwanda na kuwapa vitambulisho vyenye kutaja kabila: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, serikali mpya haikuvifuta. Vitambulisho hivyo vikatumika katika kugawa nafasi za shule na kazi, na baadaye vikatumika kama hati ya kifo, kwa kuwa aliyesimama barabarani na panga hakuhitaji ushahidi mwingine.

Mwezi Oktoba 1990 vita vilianza kati ya serikali ya Rais Juvénal Habyarimana na jeshi la RPF lililoingia kutoka Uganda. Tangu hapo raia wa Kitutsi waliokuwa ndani ya nchi walihesabiwa kuwa maadui, ingawa walikuwa wakulima, walimu na wachuuzi wasiojua hata namna ya kushika bunduki. Kaskazini magharibi, ambako ndiko walikotoka wakubwa wengi wa serikali na wa jeshi, Watutsi wa ukoo wa Bagogwe waliuawa kwa makundi mapema mwaka 1991. Wahalifu hawakuadhibiwa. Askari mwenye busara atalitia jambo hilo maanani: uhalifu mkubwa hutanguliwa na uhalifu mdogo ulioachwa bila kesi.

Mapatano ya amani yalitiwa sahihi Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Lakini wakati huohuo wanamgambo wa Interahamwe walikuwa wakifundishwa na kupewa silaha, na redio iliyoitwa RTLM, iliyoanza kutangaza mwezi Julai 1993, ilikuwa ikiwazoeza watu kuwaita jirani zao wadudu. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa ilipokuwa ikitua Kigali. Kabla ya jua kuchomoza, mauaji yalikuwa yameanza. Ndani ya siku 100 hivi, kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, watu zaidi ya milioni moja waliuawa. Walio wengi mno walikuwa Watutsi, na pamoja nao waliuawa Wahutu waliopinga unyama huo.

NYUMBA YA WAKIMBIZI

Mjini Gisenyi mauaji yalianza asubuhi ya tarehe 7 Aprili. Vizuizi viliwekwa barabarani, na wanamgambo wakaanza kupita nyumba hata nyumba. Huko Nyundo, karibu na mji, watu waliokimbilia kwenye nyumba za kanisa wakidhani kwamba hapana atakayethubutu kumwaga damu mahali patakatifu walishambuliwa na kuuawa humo humo.

Watutsi waliosalia wakaanza kubisha hodi kwa siri kwenye mlango wa Centre Saint-Pierre. Félicité akawafungulia. Hakuwauliza vitambulisho, kwa sababu alijua vilikuwa vimeandikwa nini. Wengine walikuwa wanawake wenzake wa chama cha Wasaidizi wa Utume, wengine walikuwa watu wa mji na familia zao. Aliwapa mahali pa kujificha na cha kula, na usiku ulipoingia aliwasaidia baadhi yao kuvuka mpaka na kuingia Goma, ambayo wakati huo ilikuwa katika nchi ya Zaire.

Tuitazame kazi hiyo kwa macho ya mwanajeshi. Mji wote ulikuwa mikononi mwa wauaji. Barabara zilikuwa na vizuizi, mpaka ulikuwa na ulinzi, na majirani walikuwa wakichunguzana nani anunua chakula kingi kuliko desturi. Kumtoa mtu mmoja nyumbani na kumfikisha salama ng'ambo kulihitaji kuchagua saa, kuchagua njia, kumwamini mwongozaji, na kukubali kwamba kosa dogo lingewaponza wote. Na huyu alikuwa mama wa miaka 60, asiye na silaha wala gari la kijeshi, wala hata kibali cha mkubwa yeyote. Wapo watu walioishi kwa sababu ya usiku huo.

Baada ya siku chache wanamgambo walikwisha kupata habari za yanayotendeka katika nyumba ile. Vitisho vikaanza. Félicité hakuifunga nyumba, wala hakuwafukuza waliomo.

BARUA YA NDUGU YAKE

Tulisema kwamba alikuwa na ndugu katika jeshi. Ndugu huyo alikuwa na cheo cha kanali, akiongoza kambi katika sehemu hizo za kaskazini magharibi. Aliposikia kwamba maisha ya dada yake yamo hatarini, alimpelekea ujumbe wa kumtaka aondoke upesi katika nyumba ile ili apate kunusurika.

Waswahili husema damu ni nzito kuliko maji, na hatuwezi kumlaumu ndugu kwa kumtakia dada yake uhai. Lakini mwaliko ule ulikuwa na kasoro moja. Ulikuwa wa Félicité peke yake. Neno la kanali lingeweza kumpitisha mwanamke mmoja wa Kihutu kwenye vizuizi vyote. Halikuwa limeahidi kuwapitisha wale waliokuwa nyuma ya mlango wake.

Félicité alimjibu kwa barua fupi, ambayo imehifadhiwa na kusomwa na Wanyarwanda wengi tangu siku hizo. Ndani yake alimshukuru ndugu yake kwa kumfikiria na kwa kutaka kumsaidia. Kisha akamweleza kwamba alikuwa na watu 43 walio chini ya dhamana yake, na kwamba kuliko kuiokoa nafsi yake kwa kuwaacha hao, alichagua kufa pamoja nao. Akamwomba amwage kwa niaba yake mama yao mzee. Akamwahidi kumwombea akifika mbele ya Mungu. Na akamalizia kwa kumtakia heri, na kwa kusema kwamba Mungu akiwaokoa, basi wataonana.

Twaomba wasomaji wetu waitafakari barua hiyo. Haina tusi hata moja. Haimhukumu ndugu yake wala jeshi alilolitumikia. Imeandikwa na mtu aliyekwisha kupiga hesabu. Alitaja idadi ya watu aliokuwa nao kama vile kamanda wa lindo anavyotaja idadi ya walio chini yake anapotoa taarifa: watu 43. Aliyejua idadi yao hakuweza kujidanganya kwamba akiondoka ameacha nyumba tupu.

TAREHE 21 APRILI 1994

Siku hiyo wanamgambo walifika Centre Saint-Pierre na kuwatoa waliomo. Waliwapakia katika gari na kuwapeleka kwenye makaburi ya mji, mahali palipopewa jina la Commune Rouge, yaani Komini Nyekundu, kwa sababu ya wingi wa damu iliyomwagwa hapo. Mashimo yalikuwa yamekwisha kuchimbwa. Njiani Félicité na wenzake walikuwa wakisali na kutiana moyo.

Walipofika, wanamgambo walitaka kumtenga yeye na wengine. Walijua kwamba ndugu yake ni kanali, na waliogopa kwamba akiuawa wangeulizwa. Wakamwambia kwamba yeye aweza kwenda zake. Kwa mara ya pili akapewa uhai wake peke yake, na mara hii kwenye ukingo wa kaburi, baada ya kuona yaliyowapata wenzake. Kwa mara ya pili akaukataa. Akapigwa risasi na kuuawa, akatupwa katika kaburi lile lile la wale aliokataa kuwaacha.

Sasa tuhame Gisenyi kwa kitambo, twende New York, kwa kuwa kalenda ina ushahidi wake. Siku ile ile ya tarehe 21 Aprili 1994, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 912. Azimio hilo lilipunguza jeshi la kulinda amani nchini Rwanda mpaka kufikia watu 270 hivi, huku mauaji yakiendelea. Mataifa yenye majeshi, ndege na mizinga yalihesabu hatari, yakaona afadhali kuondoka. Mama mmoja asiyekuwa hata na fimbo aliihesabu hatari hiyo hiyo, akaona afadhali kubaki. Hatusemi haya ili kuwadharau askari wa Umoja wa Mataifa waliobaki Kigali na kuwaokoa maelfu ya watu kwa nguvu ndogo waliyoachiwa. Twasema kwa sababu uamuzi wa kuliacha lindo mara nyingi haufanywi na aliye lindoni.

HUKUMU ZA BAADAYE

Katikati ya mwezi Julai 1994 serikali iliyoongoza mauaji ilishindwa vita, ikakimbilia Gisenyi, na kutoka hapo ikavuka kuingia Goma pamoja na jeshi lake na mamia ya maelfu ya wananchi. Mpaka ule ule ambao Watutsi waliuvuka kwa kunyata usiku, sasa ulivukwa mchana na wauaji wao, wakiwa wamechanganyika na watu wasio na hatia. Makumi ya maelfu walikufa kwa kipindupindu katika kambi za Goma. Ndivyo wanyonge walivyolipia tena makosa ya wenye nguvu.

Tarehe 8 Novemba 1994 Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya kimataifa ya kuwahukumu waliopanga na kuongoza mauaji hayo, na makao yake yakawa Arusha, Tanzania. Miongoni mwa watu wa Gisenyi waliofikishwa hapo alikuwamo Omar Serushago, kiongozi wa Interahamwe. Alikiri makosa, pamoja na kuua watu 4 kwa mkono wake na kuuawa kwa wengine 33 na wanamgambo waliokuwa chini ya amri yake, akafungwa miaka 15 mwaka 1999. Alikuwamo pia Luteni Kanali Anatole Nsengiyumva, aliyekuwa mkuu wa jeshi katika eneo la Gisenyi. Mwaka 2008 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ilifuta sehemu kubwa ya hatia zake na kupunguza adhabu mpaka miaka 15, lakini haikumfutia wajibu wake kama mkubwa wa kijeshi kuhusu mauaji ya mjini Gisenyi.

Hapo pana somo la sheria ambalo kila afisa na kila askari apaswa kulijua. Sheria ya mahakama ile ya Arusha ilitamka mambo mawili. La kwanza, mkubwa ana hatia kwa maovu ya walio chini yake ikiwa alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, naye asiwazuie wala kuwaadhibu. La pili, mdogo hasafishwi na amri ya mkubwa wake. Amri yaweza kupunguza adhabu, lakini haiondoi kosa. Kwa hiyo aliyetoa amri ya kuua raia na aliyeitii wote husimama kizimbani, pamoja na yule aliyekaa ofisini akajifanya hasikii.

HESHIMA YA TAIFA

Rwanda imempa Félicité Niyitegeka heshima kubwa. Taifa hilo lina daraja tatu za mashujaa: Imanzi, Imena na Ingenzi. Katika daraja la Imanzi wamo Meja Jenerali Fred Rwigema na Askari Asiyejulikana, anayewawakilisha wapiganaji wote waliokufa kwa ajili ya nchi. Félicité yumo katika daraja la Imena, pamoja na Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa, Michel Rwagasana, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1994, na wanafunzi wa Nyange. Wanafunzi hao, waliposhambuliwa darasani mwezi Machi 1997 na kuamriwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule, walikataa, na baadhi yao wakauawa. Kila tarehe 1 Februari mashujaa hao hukumbukwa nchi nzima. Mahali pa Commune Rouge, huko Rubavu, pamejengwa ukumbusho wa waliouawa.

Tuangalie vema: daraja la Askari Asiyejulikana na daraja la mama msimamizi wa nyumba ya wageni zimepakana. Waliopanga hivyo walielewa kwamba kuilinda nchi na kuwalinda wanyonge waliomo ndani yake si kazi mbili zenye kushindana.

JE, ALIFANIKIWA?

Huenda msomaji akauliza swali gumu, nasi hatutalikwepa. Félicité alikufa, na wale waliopelekwa makaburini pamoja naye wakafa. Angeondoka, wangekufa vilevile, naye angekuwa hai, pengine akawasaidia wengine. Basi kubaki kwake kulifaa nini?

Jibu letu la kwanza ni kwamba asingekuwa mtu wa kubaki, asingekuwa pia mtu wa kuwavusha wale waliookoka. Mtu hafungui mlango wake kwa anayewindwa ikiwa moyoni amekwisha kupanga kuondoka mambo yakizidi. Waliovuka walivuka kwa sababu walimkuta mtu ambaye hakuwa na nia ya kukimbia.

Jibu la pili ni zito zaidi. Wapangaji wa mauaji yale walihitaji kitu kimoja kuliko mapanga na risasi: walihitaji kila Mhutu akubali kwamba uhai wake na uhai wa jirani yake Mtutsi ni vitu viwili. Ndiyo maana wanamgambo walihangaika kumtenga Félicité hata kwenye kaburi. Alipokataa kutengwa aliukanusha uongo wao mbele ya macho yao. Hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba wote walikubali, au kwamba hapakuwa na njia nyingine. Njia nyingine ilikuwapo, na mama mzee aliifuata.

NENO KWA WENYE SARE

Hatudai kwamba kila askari atakutana na siku kama ile ya tarehe 21 Aprili. Twaomba Mungu aiepushe. Lakini kila askari wa polisi na wa jeshi hukabidhiwa wanyonge, tena mara nyingi kuliko anavyodhani. Mahabusu aliye selo saa nane za usiku yu chini ya dhamana ya askari wa zamu. Mwanamke aliyefika kituoni na majeraha, akimshitaki mumewe mwenye marafiki wakubwa, yu chini ya dhamana ya anayeandika maelezo. Mkimbizi aliyesimama kwenye kizuizi cha mpakani bila karatasi, mtoto wa mitaani aliyekamatwa katika msako, mlemavu wa ngozi anayewindwa na waganga wa uongo, mgeni wa kabila jingine baada ya uchaguzi wenye ghasia: hao wote ni watu 43 wa Félicité kwa namna nyingine.

Mfano wa afisa upo pia. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal alikuwa mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa mjini Kigali mwaka 1994. Bila silaha alipita vizuizi mara nyingi na kuokoa mamia ya watu, wachache wachache kwa kila safari, mpaka alipouawa na kombora tarehe 31 Mei. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliunda nishani ya ushujaa yenye jina lake. Yeye alikuwa mwanajeshi Mwislamu kutoka magharibi mwa Afrika, na Félicité alikuwa mwalimu Mkatoliki kutoka Butare. Hawakujuana, lakini walisoma amri moja.

Kuna mazoea manne ambayo twaona yatokana na maisha ya mama huyu, nayo yawafaa wenye dhamana. Mtu ahesabu walio chini ya ulinzi wake na kuwajua, maana asiyejua idadi yao hatagundua wanapopungua. Asiulize kabila wala dini pale panapoombwa hifadhi. Ajihadhari na upendeleo unaomwokoa yeye tu, hata ukiletwa na anayempenda. Na afanye uamuzi wake mapema, katika siku za utulivu, kwa kuwa siku ya ghasia haina nafasi ya kuanza kutafuta dhamiri.

Tulianza kwa kueleza maana ya lindo, na tumalize hapo hapo. Mlinzi hubaki mpaka aje wa kumpokea. Félicité Niyitegeka alingoja, na katika mji ule uliojaa watu wenye bunduki na mishahara ya serikali, hakuja hata mmoja kumpokea. Deni hilo halijafutika. Twaliandika leo mbele ya ndugu zetu wenye sare ili siku mnyonge atakapobisha hodi, popote katika nchi zetu, amkute lindoni mtu aliyekwisha kuamua kutoondoka.